Jengo Likishapigwa Skani: Leza Inaona Nini, na Nini Haioni

Habari huja karibu kila mara kwa maneno yaleyale: msikiti wa kale, ngome au makaburi ya wafalme "yamehifadhiwa kidijitali." Chini yake pana picha ya jengo linalozunguka kwenye skrini, limepakwa rangi za upinde wa mvua. Wasomaji wakishaiona hugawanyika. Wapo wanaoamini kwamba jengo limeshaokolewa, na hata likianguka kesho litarudishwa lilivyokuwa. Wapo wanaoona ni mchezo wa kompyuta uliokula fedha ambazo zingenunua chokaa na boriti. Na wapo, hasa baada ya sehemu ya jengo la kale la Beit al-Ajaib kuporomoka pale Forodhani, Unguja, tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili, wanaouliza swali zito kuliko yote: kama vyombo hivi vipo, kwa nini visituonye mapema?

Skani, yaani kupima umbo la jengo kwa mwanga wa leza, ni kipimo. Kwa umbo la nje la kitu, hakuna kipimo cha zamani kinachoifikia. Lakini inapima siku moja tu, ile iliyopigwa, na inapima ngozi tu. Ndani ya ukuta haioni. Ikipigwa mara moja, haiwezi kujua kama ukuta unasogea au umeinama hivyo tangu babu zetu hawajazaliwa. Faida yake yote inategemea nani aliuliza nini kabla ya chombo kusimamishwa, na nani atarudi kupima tena.

Sauti kisimani

Ukipiga ukelele kwenye mdomo wa kisima, sauti hurudi. Kisima kikiwa kirefu, hurudi kwa kuchelewa, na mwenye sikio zuri anaweza kukisia kina. Skana ya leza hufanya jambo hilohilo kwa mwanga. Hutuma mwale mwembamba ukutani, husubiri urudi, kisha hukokotoa umbali.

Ugumu wake uko kwenye muda. Mwanga husafiri sentimita 30 hivi katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Ili kutofautisha nukta mbili zilizopishana milimita 3 kwa kina, chombo lazima kitambue tofauti ya sehemu 20 za trilioni ya sekunde. Ndiyo maana skana nyingine hazihesabu muda moja kwa moja: hulinganisha wimbi la mwanga lililotoka na lililorudi, zikaona yamepishana kiasi gani. Kichwa cha chombo huzunguka polepole juu ya miguu yake mitatu, na kioo kidogo ndani yake hutupa mwale juu na chini kwa kasi. Skana za sasa hukusanya hadi nukta milioni moja kwa sekunde, na nyingine zaidi. Kila nukta huandikwa kwa namba tatu: imekaa wapi kwa upana, wapi kwa urefu, na kwa kimo gani.

Nukta zote zikikaa pamoja huitwa wingu la nukta. Lifikirie kama mchanga uliorushwa ukagandia hewani katika umbo la jengo. Modeli ni shuka iliyotandikwa juu ya mchanga huo: programu huunganisha nukta jirani kwa pembetatu ndogondogo mpaka pakawa na uso mmoja usiokatika. Hapa pana mtego wa kwanza. Mahali ambapo mwale haukufika, kwa mfano nyuma ya nguzo au juu ya paa, shuka hutandazwa vilevile, na shimo hufunikwa kwa kukisia. Modeli nzuri ya kutazama inaweza kuwa na ukuta ambao hakuna aliyeupima. Mhandisi anayejua kazi yake huomba wingu lenyewe, pamoja na ramani ya sehemu zisizopimwa.

Njia ya pili ni kupima kwa picha. Fumba jicho moja ujaribu kutunga uzi kwenye sindano, utaona kazi ya jicho la pili. Kompyuta ikipewa picha nyingi za ukuta mmoja zilizopigwa kutoka sehemu tofauti, hutafuta alama zilezile kwenye kila picha, ikarudi kukokotoa kamera ilisimama wapi na kila alama iko wapi. Sharti ni kwamba kila picha ishirikiane na jirani yake kwa asilimia 70 hadi 80, na kila sehemu ya kitu ionekane katika picha tatu au zaidi. Lakini picha haijui ukubwa. Kwa kamera, msikiti na kibiriti ni sawa mpaka uweke rula au fimbo iliyopimwa ndani ya picha.

Kila njia ina mahali inapokwama. Ukuta uliopakwa chokaa nyeupe juzi ni mateso kwa kupima kwa picha, kwa sababu hauna alama ya kushika. Leza huupita bila shida. Mlango wa mninga wenye nakshi ndogondogo huelezwa vizuri zaidi na picha. Vioo, maji na shaba iliyong'arishwa huirusha leza pembeni, ukapata nukta za uongo zinazoelea nyuma ya ukuta. Penye ukingo wa dirisha, nusu ya mwale hugonga fremu na nusu hugonga ukuta wa nyuma, chombo kikaandika umbali wa katikati ambao haupo. Wafanyakazi wazuri husafisha nukta hizo kwa mkono. Kazi hiyo huchukua siku nyingi kuliko upimaji wenyewe, na ndiyo huachwa kwanza fedha zikipungua.

Milimita za nani?

Utasikia mtu akijigamba kwamba skana yake ina "usahihi wa milimita 2." Muulize: usahihi wa nini? Kuna mambo matatu hapa, na yakichanganywa huleta maamuzi mabaya.

La kwanza ni usahihi wa nukta moja moja. Hapo milimita 2 au 3 ni kweli kwa skana nzuri na umbali wa wastani.

La pili ni msongamano. Skana ikipangwa kutoa nukta kila milimita 6 kwa umbali wa mita 10, basi kwa mita 30 nukta zitaachana milimita 18. Ufa wa milimita 2 utapita katikati ya nukta kama dagaa kwenye wavu wa papa. Hata ukizikaza nukta, mwale wenyewe una unene wa milimita kadhaa, kwa hiyo ufa mwembamba kuliko mwale hauna umbo ndani ya wingu. Nyufa nyembamba ni kazi ya kamera, na hapo pia pana hesabu. Chukua kamera yenye lenzi ya milimita 24 na pikseli, yaani vijipande vinavyounda picha, za maikromita 4 (sehemu 4 za elfu ya milimita). Ukisimama mita 5 kutoka ukutani, pikseli moja hufunika milimita 0.8 za ukuta. Ili ufa wa milimita 0.3 uonekane bila ubishi, unatakiwa uchukue pikseli mbili au tatu, kwa hiyo sogea mpaka kati ya sentimita 60 na 90. Ndiyo maana ndege isiyo na rubani inayoruka mita 30 juu huleta picha nzuri ya paa na mazingira yake, na haina la kusema kuhusu nyufa za nywele.

La tatu ni kosa la kuunganisha, na hili ndilo humwangusha hata mwenye chombo cha bei kubwa. Mwale huenda moja kwa moja kama jicho. Nguzo ikisimama mbele, nyuma yake ni giza. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ambao upanuzi wake wa kusini una makuba na matao yaliyobebwa na safu za nguzo, haupimiki ukiwa umesimama mahali pamoja. Chombo huhamishwa tena na tena, kisha mawingu yote huunganishwa kwa kulinganisha sehemu zinazoshirikiana. Tuseme kila muungano una kosa la milimita 1. Katika mlolongo wa vituo 20, makosa yakiwa ya bahati nasibu utafika mwisho ukiwa umekosea milimita 4 au 5. Yakielekea upande mmoja, utakosea 20. Kinga yake ni ya zamani, kila mpima ardhi anaijua: rudi ulikoanzia ufunge mzunguko, na uweke alama za rejea zilizopimwa kwa chombo cha wapima ardhi kabla skana haijafunguliwa. Ripoti isiyotaja kosa la kuunganisha usiichukulie kama kipimo cha uhandisi.

Ukuta uliotoa tumbo

Majengo ya kale ya pwani yetu, kuanzia Kilwa na Songo Mnara hadi Lamu na Mji Mkongwe, yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta mnene mara nyingi una nyuso mbili za mawe yaliyopangwa, na katikati vifusi vilivyomwagiwa chokaa. Paa la bapa hukaa juu ya boriti za mikoko.

Chukua ukuta wa aina hiyo, kimo mita 4, unene milimita 450. Mwashi mzee ataangusha timazi na kukuambia umeinama. Skana itakuambia hivyohivyo, ila kwa kila sentimita ya ukuta: kileleni umetoka nje milimita 38. Kwenye skrini utapakwa rangi nyekundu, na mtu atashtuka.

Nyekundu ile haina maana ya hatari. Mtu wa kompyuta ndiye aliyeamua rangi ianzie wapi. Akiweka nyekundu kwa milimita 10, jengo zima litawaka moto. Akiweka kwa 100, litapendeza kijani. Tazama namba. Ukuta unaosimama peke yake, ulioinama kwa mstari ulionyooka, kitovu cha uzito wake husogea nusu ya kilele, yaani milimita 19. Wahandisi wana kanuni ya theluthi ya kati: uzito ukishuka ndani ya theluthi ya katikati ya unene, hakuna upande wa ukuta unaovutwa. Kwa unene wa 450, kitovu kinaweza kusogea hadi milimita 75 kabla ya kutoka nje ya eneo hilo. Kwa kuinama huko pekee, ukuta huu haujafika mwisho wake. Mzigo wa dari na hali ya msingi hubadilisha hesabu, lakini umeona namba ya skani inavyogeuka kuwa jibu.

Sasa pima upande wa ndani pia, jambo ambalo wengi huliruka kwa sababu chumbani mna giza na vitu vya watu. Tuseme uso wa nje umetoa tumbo la milimita 35 katikati ya kimo, na uso wa ndani umenyooka kama rula. Ukuta mmoja hauwezi kuwa na milimita 450 chini na 485 katikati, isipokuwa uso wa nje umeachana na kiini. Maji ya mvua yaliingia kutoka juu baada ya paa kwenda, yakaosha chokaa, vifusi vikashuka na kusukuma uso nje. Tumbo hili lina hatari kubwa kuliko kuinama kwa kwanza, ingawa namba yake ni ndogo. Uso ulioachana hubeba uzito wake bila msaada, na huanguka ghafla baada ya mvua kubwa. Thibitisha kwa nyundo ndogo ya mbao: panapogongwa hutoa mlio mtupu. Tiba ni kuziba juu maji yasiingie, kujaza kiini kwa uji wa chokaa kidogokidogo kuanzia chini, na kufunga nyuso mbili kwa mawe yanayopita ukuta mzima. Saruji iwekwe mbali, kwa kuwa ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe na hufungia unyevu na chumvi ndani.

Kama kuna jambo moja la kumwambia anayeagiza skani ya jengo la mawe, ni hili: lipia pande zote mbili za ukuta. Ramani ya unene wa kuta ina thamani kuliko video yoyote ya jengo linalozunguka.

Je, limesogea?

Watu wengi wanataka skani ijibu swali hili, na huliuliza wakiwa na kipimo kimoja mkononi. Haiwezekani. Ni kama kumuuliza daktari mtoto anakua kasi gani wakati amepimwa uzito mara moja.

Hata kwa vipimo viwili, kuna kiwango ambacho chini yake hupaswi kusema lolote. Kipimo cha kwanza kina wasiwasi wa milimita 3, yaani kinaweza kukosea kiasi hicho, cha pili milimita 3, na kuviunganisha kumeleta wasiwasi wa milimita 4. Zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha: 9, 9 na 16 ni 34. Kipeuo chake cha pili ni milimita 5.8. Ukitaka uhakika wa asilimia 95, zidisha karibu mara mbili: milimita 11. Ukuta "uliosogea" milimita 6 kati ya mwaka huu na mwaka jana, kwa vipimo hivyo, huna ushahidi kwamba umesogea. Unaweza kupunguza mtawanyiko kwa kuchukua wastani wa nukta nyingi za eneo moja, lakini kosa la kuunganisha hubaki palepale.

Kisha kuna joto. Mhimili wa chuma wa mita 10 hurefuka milimita 2.4 joto likipanda nyuzi 20. Ukipima alfajiri ya Julai, kisha mchana wa Februari, utavumbua msogeo ambao ni jua tu. Rudia vipimo msimu uleule na saa zilezile, na kwa majengo ya ufukweni andika kama maji yamejaa au yamekupwa. Alama za rejea zikae kwenye mwamba, mbali na jengo. Alama iliyobandikwa kwenye ukuta unaoshukiwa husogea pamoja na ukuta, na kipimo cha pili kitakuambia kila kitu ni salama.

Kwa hiyo, kama wasiwasi wako ni ufa mmoja, anza na kitu rahisi. Bandika skrubu mbili, moja kila upande wa ufa, upime umbali kati yake kila mwezi kwa kalipa, kipimo chenye taya mbili. Utaona mabadiliko ya sehemu ya kumi ya milimita, madogo mara mia kuliko yale ya mfano wa skani hapo juu. Skana iitwe pale ambapo hujui ni wapi pa kuweka skrubu, au kinachosogea ni kikubwa: ukuta mzima, paa, au pwani yenyewe. Kilwa ni mfano wa hilo la mwisho. Gereza, ngome ya kale ya hapo, limesimama ufukweni kabisa, na mawimbi hula ukingo wa kisiwa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, yakatolewa mwaka 2014. Yamepimwa kwa leza na Zamani Project ya Chuo Kikuu cha Cape Town, iliyoanzishwa na Profesa Heinz Rüther, na baadaye shirika la CyArk liliiweka Kilwa miongoni mwa maeneo matano ya mradi wa mabadiliko ya tabianchi uliozinduliwa mwaka 2020. Ukingo wa pwani unaopoteza nusu mita hauhitaji milimita. Kwa swali la namna hiyo, vipimo vya miaka tofauti ni hazina.

Kisichoonekana

Turudi Beit al-Ajaib, jengo la Sultani Barghash la mwaka 1883, lenye kuta nene za matumbawe na baraza zilizobebwa na nguzo ndefu za chuma. Katika jengo la aina hii, mambo mengi yanayoamua uhai wake yamefichwa: kutu ya chuma kilichozikwa sakafuni, ncha za boriti zilizooza ndani ya ukuta, maji chini ya msingi. Leza hugonga lipu ikarudi. Lipu ikiwa imenyooka, wingu litanyooka.

Kwa yaliyo ndani kuna vyombo vyake. Rada ya kupenya ardhi na kuta huonyesha utupu na chuma. Kamera ya joto, ikitumika saa ukuta unapoanza kupoa baada ya magharibi, huonyesha unyevu. Kamera nyembamba hupitishwa kwenye tundu la milimita 10. Bisibisi hudungwa kwenye ncha ya boriti: ikizama bila nguvu, boriti imekwisha. Skani husaidia kwa kuonyesha pa kutoboa, kwa mfano sakafu iliyobonyea hatua moja kutoka ukutani. Na hata modeli ya kompyuta inayokokotoa nguvu na mizigo hupewa umbo na skani, lakini uimara wa jiwe na chokaa lazima utoke kwenye sampuli. Umbo sahihi lenye ugumu wa kukisia hutoa jibu la kukisia.

Kasubi na Paris

Mifano miwili inaonyesha skani inafanya nini jengo likishapotea. Makaburi ya Kasubi, Kampala, walipozikwa Kabaka (wafalme) wanne wa Buganda, yalipimwa kwa leza mwaka 2009. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010, Muzibu Azaala Mpanga, nyumba yake kuu, iliungua. Kanisa la Notre-Dame, Paris, lilipimwa na mwanahistoria wa sanaa Andrew Tallon mwaka 2010, zaidi ya nukta bilioni moja. Lilishika moto tarehe 15 Aprili 2019, likafunguliwa tena Desemba 2024.

Kote kuwili kilichobaki ni umbo: kipenyo, kimo, mkunjo wa paa. Lakini paa la Kasubi lilibebwa na ufundi ambao hauna nukta. Kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye, na pete 52 za ndani ya paa zinawakilisha koo 52 za Baganda. Leza iliziona pete hizo kwa upana na nafasi. Namna nyasi inavyofungwa, inavyobanwa, na nani anaruhusiwa kuigusa, yote hayo yalikuwa mikononi na vichwani mwa watu. Kasubi ilitoka kwenye orodha ya hatari mwaka 2023, miaka 13 baada ya moto. Timu inayopima leo jengo la boriti na makuti bila kurekodi mafundi wakifanya kazi imeondoka na nusu ya data.

Sarafu iliyosuguliwa

Vitu vidogo vina njia yao, nayo ni rahisi kuliko unavyodhani. Sarafu za shaba za Kilwa ziliandikwa kwa vina: upande mmoja jina la mtawala, upande wa pili sifa ya Mungu inayokubaliana nalo kwa mwisho wa sauti. Nyingi zimeliwa na chumvi hadi macho hayasomi kitu.

Kamera husimamishwa juu ya sarafu isitikisike hata chembe. Kando ya sarafu huwekwa gololi nyeusi inayong'aa. Taa moja huhamishwa kuizunguka, mara 40 hadi 60, kwa pembe tofauti lakini umbali uleule, na kila mara picha hupigwa. Mng'ao juu ya gololi huiambia kompyuta taa ilikuwa upande gani. Kisha unaweza kuisogeza taa upendavyo kwenye skrini, ukiilaza chini kama jua la jioni linavyofichua nyayo mchangani. Herufi iliyobaki kwa kina cha unywele hujitokeza na kivuli chake. Kinachoharibu kazi ni kugusa meza. Kamera ikisogea baada ya picha ya 30, anza upya.

Kwa mwenye simu tu

Simu zenye leza ndogo hupima mpaka mita 5 hivi, na kosa lake ni la sentimita. Zinafaa kwa ramani ya chumba. Kwa mlango, mihrabu au kaburi lenye maandishi, kamera ya simu hiyohiyo huleta kazi nzuri zaidi ikitumiwa kwa utaratibu.

Subiri mawingu au kivuli, kwa maana jua kali huchora vivuli vinavyosogea kati ya picha ya kwanza na ya mwisho. Zima ukuzaji na vichujio. Gusa skrini ufunge umakini na mwanga visibadilike. Weka rula mbili, moja iliyolala na moja iliyosimama, kando ya kitu bila kukigusa. Tembea kwa tao kutoka upande mmoja hadi mwingine, ukisogea hatua fupi na kupiga picha kila hatua. Usisimame mahali pamoja ukigeuza mkono, kwa sababu hapo kompyuta haipati jicho la pili. Rudia tao hilo kwa kimo cha goti, cha kifua na juu ya kichwa. Picha 60 hadi 100 zinatosha kwa mlango mmoja. Zihifadhi kama zilivyo, bila kuzituma kwa programu za ujumbe ambazo huzibana na kufuta undani. Nakala tatu, kwenye aina mbili za hifadhi, moja ikae nje ya mji, na moja ipelekwe kwa mamlaka ya mambo ya kale ya eneo lenu, maana data iliyobaki kwenye kompyuta ya mgeni aliyeondoka haitatumiwa tena na mtu.

Ndani ya folda weka karatasi moja ya maneno: nini kimepimwa, nani alipima, kwa simu au kamera gani, urefu wa rula, tarehe, saa, hali ya hewa, na kama maji ya bahari yalikuwa yamejaa au yamekupwa.